Fidla Zilizopewa Namba za Faili

Jumatatu, 3 Juni

Ewe uliyelifungua daftari hili bila ruhusa — lifunge. Kama umeshausoma mstari huu, basi nakusihi kwa chochote ukipendacho: usimwambie mtu neno, hata kwa mzaha. Mimi ni karani wa masjala. Nina miezi minne kazini na bado niko kwenye majaribio.

Leo nimetolewa kwenye majalada nikapelekwa studio. Ndiyo, ofisi yetu ina studio: chumba chenye magodoro ukutani, ambamo Fundi Kinanda hutunga muziki wa sherehe za Mkurugenzi. Kompyuta yake imejaa pomoni. Alinieleza kuwa zinazoijaza ni maktaba za sauti — fidla, ngoma, zumari, piano, zilizorekodiwa noti moja moja — ambazo programu yake huziokota na kuzipiga kana kwamba kuna wanamuziki sitini chumbani. Nizihamishie kwenye diski ya nje, kidude cha ukubwa wa kiganja. Nikauliza zipangwe vipi. Akasema ziache kama zilivyo, akaenda kunywa chai.

Kama zilivyo! Majina ya folda yalikuwa aibu tupu. «Fidla nzuri.» «Fidla nzuri kweli.» «Hii usifute mzee.» Na kanuni ya masjala iko wazi: hakuna kinachoingia hifadhini bila namba. Nikazipa namba, folda zote mia mbili na kumi na nne, na orodha nikaandika: jina la zamani kushoto, namba mpya kulia. Kisha nikafuta zilizobaki kwenye kompyuta. Nimerudi nyumbani najiona mtu.

Jumanne, 4 Juni

Balaa.

Jumamosi Mkurugenzi anazindua jengo jipya, wageni mia tano. Fundi amefungua wimbo wa uzinduzi. Programu ikaanza kuuliza kwa maandishi mekundu: fidla iko wapi? Ngoma iko wapi? Inazitafuta kwa majina ya zamani! Katika wimbo mzima imebaki kengele moja, ambayo haikuwahi kuhamishwa. Ting. Sekunde kumi na moja za kimya. Ting. Dakika nne hivyo hivyo.

Nilielewa papo hapo. Nikafungua mdomo. Wakati huohuo akaingia Mama Mihuri, katibu muhtasi wa Mkurugenzi, akasikiliza ting mbili, akapanda juu kutangaza kwamba Fundi amepoteza bendi nzima.

Nikafunga mdomo.

Mama mkubwa, ambaye ninaishi kwake, ameuliza mbona sili. Nimesingizia jino.

Jumatano, 5 Juni

Mkurugenzi ameunda kamati ya uchunguzi. Diski imetiwa kwenye bahasha, ikapigwa lakiri, ikafungiwa kabatini mwake. Sasa ni kielelezo. Haiguswi mpaka uchunguzi ukamilike — na mimi naihitaji kwa asubuhi moja tu, nirudishe majina ya zamani! Orodha iko mfukoni.

Katibu wa kamati ni mimi. Sababu iliyotolewa: mwandiko.

Alhamisi, 6 Juni

Kikao, saa tatu hadi saa saba. Mkuu wa stoo alitaka kujua nani alizisainia fidla zilipoingia, na kama kuna uwezekano zimetoroshwa moja moja. Mama Mihuri alipendekeza wanamuziki wote sitini waitwe kujieleza. Ilichukua robo saa kumfahamisha kwamba hawapo. Akasema hilo ndilo tatizo lenyewe.

Fundi aliomba kitu kimoja: apewe diski kwa saa moja. Mkurugenzi akacheka, akauliza kama anamwona yeye mtoto, hata amrudishie mtuhumiwa ushahidi wake. Halafu akanigeukia. Kijana, si ulikuwepo? Fundi akanitangulia.

«Huyu mdogo wangu alinakili tu. Msimtie kwenye mambo haya, ana kazi mpya.»

Nikaandika hayo pia. Uamuzi: Fundi akabidhi funguo kesho, saa kumi jioni, na asirudi.

Ana miaka kumi na tisa humu ndani.

Nimebaki peke yangu na kumbukumbu za kikao. Nimeongeza kifungu, 7(c): «Aliyebadili majina ya folda ni katibu wa kamati hii. Fundi hana kosa. Orodha ya majina ipo. Diski ikitolewa, kazi ni ya saa nne.» Kinywa kimenishinda, basi kalamu iseme. Kesho wakisoma, yaishe.

Ijumaa, 7 Juni

Wamesaini. Wote! Kila ukurasa. Mkurugenzi amezisifia pambizo. Mama Mihuri amegonga muhuri juu ya 7(c) kabisa, mstari wa katikati hausomeki vizuri. Nimeungama, nimepitishwa kwa kauli moja, nimehifadhiwa kwenye jalada.

Na wimbo umekubaliwa kama ulivyo. Mkurugenzi amesikia ile kengele akasema ina heshima.

Barua ya kumwachisha Fundi kazi imetoka saa nne, kumbukumbu zangu zimeambatishwa nyuma. Hajazigusa. Anakunja waya zake kwenye boksi. Nimepanda ngazi mara mbili, nimeshuka mara mbili. Sasa ni saa nane. Amekwenda kusaini kwa mkuu wa stoo. Nalitia daftari hili kwenye boksi lake, juu kabisa.

Kaka Fundi, kwa kuwa sasa msomaji ni wewe: fungua kiambatisho, ukurasa wa tatu, 7(c). Saini zao zipo. Diski iko rafu ya pili ya kabati la Mkurugenzi. Mimi niko masjala, ghorofa ya chini, mlango wa kijivu usio na kibao. Simu ya ndani ni kumi na nne. Akipokea mwingine, ulizia jalada la likizo. Lakini afadhali uje mwenyewe, kabla ya saa kumi. Ukikuta mlango umefungwa kwa ndani, gonga, uendelee kugonga. Nitasema simo. Nimo.