Mama Atalala Wapi Nairobi

Jumapili, Homa Bay. Saa kumi jioni, joto, hakuna upepo hata wa kutikisa pazia.

Magugu yamelifunika ziwa mpaka mtu mgeni angedhani ni shamba, na harufu yake inapanda hadi chumbani kwangu. Tangu nirudi kutoka Migori adhuhuri nimefunga dirisha, nimeshindwa na joto, nimelifungua, nimeshindwa na harufu, nimelifunga tena. Wiki hizi tatu zote nimekuwa hivyo.

Fomu iko mezani. Bwana Momanyi, mkubwa wetu, anaitaka kesho saa mbili asubuhi. Wiki tatu zilizopita nilichaguliwa kuhamia makao makuu, Nairobi, kwa mshahara wa ngazi moja juu. Nikitaka, nibaki hapa na majalada yangu. Kuna maneno mawili, kukubali na kukataa, nikate moja. Chini kuna mistari mitatu ya nukta kwa ajili ya maoni. Katika miaka yangu miwili ya kazi, mistari ya namna hiyo nimeijaza kwa neno moja tu: Hakuna.

Nimefungua kalamu mara mbili, nimeifunga mara mbili.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida yangu. Kwa Kijaluo nagombezwa na mama, kwa Kiingereza nagombezwa ofisini. Kwa lugha hii bado hakuna aliyenigombeza.

Nianze na Nairobi yenyewe, maana kila mtu ananisifia kana kwamba sijaiona. Niliiona mwezi uliopita, nilipoitwa kwa mahojiano. Nilikaa siku sita kwa kaka yangu Odhiambo. Huyu ndiye ambaye akija nyumbani Desemba huvaa koti jua likiwa utosini, na watu husema, huyo sasa ni mtu wa Nairobi. Nilikuta yeye, mkewe na watoto wao wawili wanaishi katika chumba kimoja. Kitanda kiko nyuma ya pazia la maua. Jiko la mafuta ya taa liko mlangoni. Mimi nililala kwenye makochi mawili yaliyosogezwa pamoja, na yalikuwa yakiachana taratibu mpaka asubuhi nakuta nimekaa katikati, sakafuni.

Siku ya pili Odhiambo alinisindikiza hadi barabarani. Akasema bila kunitazama, "Omera, ndugu yangu, nyumbani usiende kusema."

"Kusema nini?"

"Unajua. Pazia."

Sikusema. Lakini tangu siku hiyo lile koti lake la Desemba linanitia uchungu.

Kila kitu kule kinauzwa kwa kipimo kidogo. Maji kwa mtungi. Mafuta ya kupikia kwa kijiko, yanafungwa kwenye kipande cha nailoni. Nilimwona mama mmoja akiuza omena, dagaa wa ziwa letu, hizi hizi zinazotoka kisiwa cha Remba na kupita hapa chini ya dirisha langu kwa magunia. Alijaza kikombe, halafu akapitisha kidole juu yake ili samaki waliozidi waanguke. Nikasimama nikingoja nyongeza. Hapa kwetu muuzaji asipokuongezea gao la bure juu ya kipimo, ujue mmekosana. Yule mama aliniuliza, "Unangoja nini, kijana, chenji?" Nilikuwa nimetoa pesa kamili. Hakukuwa na chenji. Niliondoka nimeona haya kama niliyeomba sadaka.

Nilitembea siku zote sita na noti zangu ndani ya soksi. Kuna barabara moja niliyosimama kandoni mwake mpaka akaja mama mzee mwenye kikapu, nikavuka nyuma yake. Hilo sijamwambia mtu.

Lakini lazima niandike na hili, maana shajara ya kudanganya haina faida. Siku ya nne nilitoka kwenye mahojiano mapema, nikaingia maktaba kubwa nikakaa mpaka ilipofungwa. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Hakuna aliyeniuliza nitaoa lini. Nilisoma magazeti ya wiki nzima chini ya taa ambayo haikukatika hata mara moja. Nilipotoka nilikuwa na furaha ya ajabu, nikaogopa furaha yenyewe.

Basi Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, niliamua kupima jambo hili kama mtu aliyesoma. Nilichukua kitabu kilichokuwa mezani, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja uzuri, upande wa pili ubaya. Niliandika kwa nguvu, kwa hasira kidogo. Nilipomaliza niliuchana ukurasa, nikaukunja mara nne, nikautia mfukoni.

Mimi ni mtu mwangalifu. Nafunga droo halafu naivuta kuhakikisha imefungwa. Naandika tarehe kwenye pakiti ya chai. Mtu kama mimi ndiye aliyesahau kwamba kile kilikuwa kitabu cha kuombea vifaa vya ofisi, na kwamba karatasi za kaboni zilikuwa mahali pake.

Mama Beryl, mpiga chapa wetu, alikifungua saa nane kuagiza utepe wa mashine. Ni mama wa Oyugis, sauti yake inasikika mpaka kwenye geti.

"Karani!" akaita. "Njoo kwanza unieleze. Hapa umeomba wezi. Tukuagizie katoni ngapi?"

Nikaelewa papo hapo.

"Na kuvuka barabara," akaendelea, "unataka pakiti ngapi? Maji ya kununua. Choo cha watu ishirini. Wanasoma redio ya jirani... hapana, wanasikia redio ya jirani. Mwandiko wako leo umekimbia, baba. Na upande huu umeomba nini? Stima. Maktaba. Hospitali ya macho. Kutojulikana. Hii kutojulikana iko kwenye stoo kweli?"

Mtunza stoo alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yakitikisika. Mimi nilisimama nikitazama viatu vyangu. Nilimwomba Mungu Bwana Momanyi akae huko huko alikoenda kula.

Halafu Mama Beryl akafika mstari wa mwisho, chini kabisa, nilioshindwa kuuweka upande wowote. Aliusoma kimya. Kicheko kikamwisha usoni. Akang'oa nakala, pamoja na kaboni zenyewe, akanipa.

"Hili la mwisho si la kuchekwa," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Muulize mwenyewe."

Niliandika: Mama atalala wapi?

Nieleze, hata kama najieleza mwenyewe. Macho ya mama yanazidi kufifia. Daktari wa macho anayepita Migori alisema apelekwe Nairobi, tena awe anarudi kuonwa kila baada ya muda. Si jambo la safari moja. Anahitaji mtoto mwenye nyumba kule.

Na kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe, sembuse chumba chenye kitanda cha mwanawe. Nyumbani Migori jambo hili halimsumbui mtu. Simba yangu, kibanda changu cha kijana asiyeoa, iko karibu na lango. Nyumba yake iko kule juu. Kila mtu ana mlango wake, tunakutana uani. Adabu hii ilitungwa na watu waliokuwa na uwanja. Hawakuijua kodi ya Nairobi.

Mwaka jana alikwenda kwa Odhiambo. Alipaswa kukaa wiki mbili. Alirudi siku ya tatu, hajaingia hospitali, akasema maji ya Nairobi yananuka dawa na hawezi kuyanywa. Tulicheka sana. Tulimtania kwa maji hayo mpaka Krismasi. Hakuna aliyempeleka tena.

Jana Jumamosi, Sabato yetu, kanisani, mama alisimama wakati wa shukrani. Alimshukuru Mungu kwa kazi ya Nairobi aliyompa mwanawe. Kazi ambayo sijaikubali! Watu wote wakaitikia amina. Nje ya kanisa nilishikwa mkono na watu nisiowajua. Baba mdogo alinivuta pembeni akaniambia binti yake anamaliza shule mwezi wa kumi na moja, nikae naye Nairobi, hatanisumbua, ni mtoto asiyekula sana. Nilitabasamu. Nimetabasamu wiki tatu mfululizo mpaka taya zinaniuma.

Lakini nilikuwa nimeona jambo jingine. Wakati wa kuimba mama alishika kitabu chake cha nyimbo wazi, akaimba beti zote bila kukosea, na ukurasa aliofungua haukuwa wa wimbo ule. Hata karibu haukuwa.

Alasiri tulikaa verandani kwake. Siku ya Sabato hakipikwi kitu, kwa hiyo hakuwa na kazi ya kujifichia. Nikamuuliza.

"Mama, mbona ulirudi kutoka kwa Odhiambo siku ya tatu?"

"Maji."

"Maji tu?"

Akanyoosha kitambaa magotini kwa muda mrefu.

"Ndugu yako ni mtoto mzuri," akasema. "Alinipa chumba chote. Yeye na mkewe wakaenda kulala kwa majirani, kila mmoja kwake. Asubuhi nawasikia wanabisha hodi mlango wao wenyewe, wanaomba nguo za kazi. Na mimi nitalalaje kwenye kitanda kile? Nilikaa kwenye kochi, nimeegemea ukuta, mpaka miguu ikavimba. Siku ya tatu nikasema maji."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nyumba yake ni ndogo? Kwani yeye haioni?"

Nikauliza nikijua sitaki jibu. "Na mimi nikienda?"

"Wewe utachukua yenye vyumba viwili, kila mtu na mlango wake," akasema kwa amani kabisa, akinipigapiga mkono, akiukosa mara ya kwanza. "Wewe si umesoma?"

Hapo ndipo hasira iliponikaba, na mpaka sasa haijaniachia. Sijui namkasirikia nani. Mama anadhani vyumba viwili hutolewa pamoja na cheti. Mimi niliuliza kodi nilipokuwa kule. Vyumba viwili vinameza karibu mshahara wote, hata huo wa ngazi ya juu, na kinachobaki ni cha kununua omena zilizopitishwa kidole. Chumba kimoja nakimudu, ningekula, ningesoma maktaba, ningekuwa mtu asiyejulikana. Na mama angekuja siku tatu, akasema maji.

Nikibaki hapa, maisha ni rahisi. Samaki wa jioni, nyongeza juu ya kipimo, chumba changu hiki chenye harufu, nyumbani kila mwisho wa wiki. Nitakuwa mwana mwema anayekuja kila Sabato kumshika mama mkono kumpeleka kanisani, kwa sababu hataona tena njia. Watu watanisifu.

Ukweli ni kwamba wiki tatu nimeutumia mzigo wa mama kufunika woga wangu. Nilitaka sana sababu nzuri ya kukataa. Kuvuka barabara si sababu ya kumwambia Bwana Momanyi. Mama ni sababu. Jana alikaa mbele yangu na miguu ile iliyowahi kuvimba, na sababu yangu ikageuka ikanitazama.

Kuna jambo dogo ninalolijua, na nimekuwa nikijifanya silijui. Makao makuu kuna nyumba chache za wafanyakazi, vyumba viwili, jikoni pembeni, kodi hukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Mtunza stoo alinieleza, alizaliwa katika nyumba kama hizo. Hupewa wanaoomba. Wanaoomba hujulikana, na mimi maisha yangu yote nimekula mkate wa kutojulikana ofisini. Sijawahi kuomba hata kiti kisichotikisika. Kile ninachokalia pale nimekiwekea karatasi chini ya mguu mmoja.

Nimeinuka nikafungua dirisha. Harufu na iingie.

Zile kaboni za Mama Beryl zilikuwa bado mfukoni mwa koti, zimekunjamana. Nimenyoosha moja kwa kiganja, nikaiweka juu ya ukurasa huu, nikaweka fomu juu yake. Kwa makusudi, safari hii. Nimekata neno la kukataa. Kisha, kwenye mistari ya nukta, kwa Kiingereza changu cha shule na kwa kukandamiza kalamu, nimeandika maneno ambayo maana yake ni hii: Nakubali. Naomba nyumba ya wafanyakazi yenye vyumba viwili. Mama yangu anahitaji kutibiwa macho, na kwa desturi yetu hawezi kulala katika chumba changu.

Mistari mitatu imejaa. Neno la mwisho limetoka nje kidogo.

Nimeinua kaboni. Maandishi yote yako hapa, ya buluu, yamepindapinda kwa sababu ya mikunjo, lakini yanasomeka. Nimefanya hivyo kwa kuwa najijua. Kesho alfajiri nitaamka nikitaka kwenda kuomba fomu nyingine safi, nikaandike Hakuna. Nikifungua daftari hili nitakutana na mwandiko wangu, na sitaweza kusema ni wa mtu mwingine.

Huenda wakakataa nyumba. Huenda wakacheka kama mtunza stoo, mabega tu. Huenda nikapewa Nairobi bila vyumba viwili, na hapo sijui nitafanya nini.

Saa mbili nitasimama mbele ya meza ya Bwana Momanyi nikiwa nimeishika fomu. Atanyoosha mkono. Je, vidole vyangu vitaiachia?