Wa Kushika Kichwa

Anoka, Minnesota

Mdogo wangu Nathani,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Najua karatasi ameishika Mama, anakusomea kando ya kitanda. Mama, mgongo unakuuma bado? Na wewe Nathani, vile vidonda vya kulalia vimefunga? Mimi ni mzima, kazi ni ile ile ya kuogesha wazee.

Nilikwambia nimejiunga na zimamoto ya kujitolea, ukacheka ukasema nimekosa kazi ya kulipwa. Basi Jumamosi tulishindana na vikosi vingine kuokoa watu waliobanwa ndani ya magari. Gari bovu hulazwa ubavu, mtu akaingia ndani ajifanye ameumia, na waamuzi wakasimama na saa. Mnapewa dakika ishirini kumtoa. Kikombe tulikichukua sisi.

Lakini siandiki kwa sababu ya kikombe. Siku ya kwanza ya mazoezi, msichana aliyewekwa garini alipiga kelele, "Nitoeni!" Nikaingia mbio, nikamshika makwapani, nikamvuta nje mara moja. Nikageuka kungoja sifa. Kapteni wetu, fundi bomba mwenye ulimi mkali, akasimamisha saa. "Hongera," akasema. "Umemvunja shingo. Sasa kamtafutie kiti cha magurudumu." Wenzangu wakavunjika mbavu. Nami nikacheka nao, Mungu anisamehe.

Ndipo akanifundisha. Aliyebanwa garini havutwi ovyo. Kwanza mmoja humshika kichwa kwa mikono miwili, shingo isicheze. Kazi hiyo nikapewa mimi. Jumamosi nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu nisiyemjua, wenzangu wakikata paa, naye akigongagonga viatu vyake na kunitania kwamba nina mikono ya maiti. Nikakumbuka viatu vyako.

Siku ile gari lilipopinduka pale darajani, ulikuwa ukirusha mateke. Niliona. Ukasema, "Bro, usinivute, shingo!" Nikakujibu, "Wacha uoga, kaza roho." Nikavuta. Kitu kikalia ka! mikononi mwangu, na miguu ikatulia. Nilijiambia umezimia tu, na tangu hapo nimekuwa nikijiambia hivyo hivyo.

Jirani yetu Barasa alikuwa akipiga kelele, "Msimguse! Ngojeni ambulensi!" Mimi ndiye niliyeanza kusema ni mchawi, alitaka ufe. Mama akamfungia mlango mpaka leo. Na kila nikipiga simu unaniambia, "Asante bro, bila wewe ningekuwa kaburini." Nami najibu, "Usijali." Miaka sita nimekula asante hiyo, na ilikuwa tamu.

Mama, nakujua, hapa utanyamaza umwambie barua imeisha. Usithubutu. Rudi pale kwenye daraja, umsomee tena kwa sauti. Mwanao alinisihi nisimvute, nikamvuta. Sikuwa na ubaya moyoni, lakini ubaya ungemfanya nini zaidi?

Nisalimieni shangazi anayesaidia kumgeuza Nathani, na mwalimu wetu wa kwaya. Barasa msimpelekee salamu. Nendeni mkamwite aingie ndani, mmpe kile kiti ninachokalia nikija nyumbani, naye amsomee Nathani barua hii tangu mwanzo.

Ni mimi kaka yako, niliyekuvuta,

Eliudi