Marhoon wa Ngamia

Jumapili, 5 Novemba 1967
Marhoon kaondoka leo, kenda vitani Dhofar. Mtoto wa dada yangu, askari wa ngamia! Wete nzima kule Pemba wangecheka. Huyu ndiye aliyeangushwa na punda wangu mara tatu mbele ya soko – mara ya tatu punda kasimama kumngoja. Tulipokimbilia huku Omani mwaka wa sitini na nne, kachukuza maji hapa Matrah. Punda tena. Sasa kapanda cheo. Nikamwambia, ngamia ni mrefu, ukianguka utawahi kupiga shahada. Kacheka. Mkewe, Mahbuba, hakucheka.

Jumanne, 16 Aprili 1968
Miguu imevimba. Nimechoka tangu alfajiri.
Kaja Bakhit, mwenziwe Marhoon jeshini, kanikuta barazani. Salamu ndefu mno – nikajua.
Marhoon kafa. Wakiwanywesha ngamia bondeni, wakapigwa risasi. Angeweza kukimbia, asema Bakhit, ngamia wake ndiye mwepesi kuliko wote. Karudi kumpakia mwenzake aliyeumia. Wamezikwa huko huko, wote wawili.
Lini? Tarehe 27 Machi.
Siku ishirini! Na mie siku zote hizo nalia na miguu.
Bakhit hata kahawa hakunywa. Kaniachia kazi mie. Mahbuba yuko jikoni, anaimba.

Jumatano, 17 Aprili
Nilitaka kusema asubuhi. Mara kaingia Muhsina, dadake Mahbuba, na bakuli la hina. Ijumaa anaoza binti yake, kule Sidab. Wakakaa kupakana, vicheko mpaka nje. “Mjomba, nawe tukupake?” Nikasema nipakeni ndevu, nitafute mke.
Nikawaza: eda si itaanza siku atakayoambiwa? Basi aende harusini kwanza. Nitamwambia Jumamosi. Hiyo ndiyo akili ya mtu aliyetoroka chuoni juzuu ya tatu.

Ijumaa, 19 Aprili
Baada ya sala nikamwuliza Sheikh Harub, juu juu tu: mtu akifia mbali, mkewe asijue, eda yahesabiwa tangu lini?
“Tangu siku aliyokufa. Si siku ya habari. Miezi minne na siku kumi.” Kanitazama. “Nani kafa?”
“Punda wangu.”
“Punda hawakai eda, mzee.”
Nimerudi mbio, kwa miguu hii! Mahbuba kesha kwenda Sidab. Hina mpaka viwikoni, jirani asema, na udi wanukia njia nzima. Yumo edani, haramu kujipamba, na hajui. Dhambi hana yeye. Ninayo mie.

Jumamosi, 20 Aprili
Nimevaa kanzu safi, nimejikaza. Sikuwahi.
Kaingia mwenyewe. Nguo nyeupe kuukuu, mkufu hana, udi hana. Mikono kaisugua kwa ndimu mpaka imechubuka. Hina haikutoka.
Bakhit kamwambia mkewe, mkewe kalisema harusini.
“Mjomba, ulikuwa unajua.”
Nikamtandikia mkeka.
“Mie jana nimecheza, mjomba. Nimecheza mbele ya watu.”
Mzaha ulinijia, wallahi. Nikaumeza.
“Nihesabie. Eda yangu imefika siku ya ngapi?”
Nikalichukua daftari hili. Kakaa mkekani, anangoja, mikono kaificha ndani ya nguo. Nimehesabu. Nimerudia. Jawabu ninalo tangu mara ya kwanza – bado naandika tu, nisije nikainua kichwa nikamtazama.