Jino la Hanin kwenye arobaini ya mama yake

Manal, nimechoka, hata kulia sina nguvu. Sikia yaliyotokea hapa leo.

Ni arobaini ya dada yangu, wageni wamejaa sebuleni, na mwanawe Hanin akang'oka jino. Akamvuta baba yake, Wagdi, mpaka juu ya paa. "Mama ndiye aliyekuwa akisema yale maneno ya kulirushia jua jino. Sasa sema wewe."

Wagdi maskini akalirusha juani. "Ewe jua, chukua jino la bibi harusi, umpe mwanangu la nyati."

La nyati, Manal. Aliyageuza maneno: jua huombwa lichukue la nyati, lilete la bibi harusi.

Mtoto akamvuta koti. "Baba, umeniombea jino la nyati."

Shangazi Karima naye yuko ngazini: "Hayo ni mambo ya mafarao walioabudu jua. Mwacheni aote meno kama sisi." Na meno yake unayajua.

Hanin hakucheka. "Likiota la nyati, Mama hatanijua."

Basi Wagdi akaruka ukuta. Mpaka sasa yuko juu ya paa la jirani na suti yake nyeusi, anapapasa kwenye kinyesi cha njiwa, alipate lile jino alirushe upya.

Wageni wanauliza mfiwa yuko wapi. Nimewaambia anaswali.