Mabawa ya bleu

Butembo, siku ya tano ya ukimbizi

Mais nani alimuomba apake rangi?

Shemeji, ndugu ya marehemu bwana yangu, leo alinirudishia kile kisanamu cha mupiganaji wa plastiki, yenye batu ba Ulaya banakusanyaka, mwenye mabawa ya dragon, ule munyama wa hadithi. Nilimupa agundishe bawa moja tu, yenye ilivunjika. Yee anapakaka rangi reservoir za moto, zile tangi za pikipiki. Donc alimusafisha mwili wote na essence ya moto, akamupaka nyekundu, na vernis ya kung'arisha juu.

"Angalia muzuri, uniambie," alisema, anacheka.

Niliangalia. Siwezi kudanganya, kazi ni ya fundi: macho, meno, hata makucha.

Mais zamani mabawa yalikuwa bleu, rangi ya mbingu. Bwana yangu aliyapaka na rangi yenye ilibakia ya mulango wetu kule Mbau. Nyumba, waasi bakaichoma, na mulango. Bwana yangu tukamuzika. Ile bleu tu ndiyo nilikimbia nayo.

Na shemeji anamuliliaka ndugu yake sawa mimi. Nitamukasirikia namna gani?

"Aksanti, shemeji. Amekuwa mupya."

Alifurahi sana. Akaniuliza kama niko na kitu kingine cha Mbau, akipake pia.

Nilimuambia hapana. Kile kilikuwa cha mwisho.