Mkono Mtupu Haurudishwi

Yaya, mkubwa wangu mpendwa,

Tangu kamyo ya pamba, lori lile kubwa, ilipokuchukua wewe na shemeji kwenda Kamanyola, situlii. Naenda bombani kuchota maji, narudi bila ndoo. Nakaa, nasimama. Jana maman aliniangalia akasema, "Weye, iko siafu mu nguo yako?"

Nawaza sana ule mwaka tulipohamia Nyantende, watoto wa jirani wakatuita wageni. Unakumbuka mvua ile iliyowaleta jikoni kwetu, wakabanwa upande mmoja wa moto na sisi upande mwingine, maharagwe yakichelewa kuiva? Wewe ulifungua kiganja kitupu mbele yao. "Shika. Iko nini?" Ukawaeleza sharti: anayepokea ndiye anayetaja kitu, na haruhusiwi kusema hakuna kitu. Mkono mtupu haurudishwi. Kisha, badala ya kumpa mmoja wao, ukanipa mimi niliyejificha nyuma yako.

Ulinisubiri mpaka sufuria ikafurika. Mwishowe nikasema, "Iko kifaranga."

"Kimelowa?" ukauliza.

"Kimelowa."

"Basi usifinye sana."

Kifaranga kile kikapita mkono kwa mkono, kila mtoto akimwongezea mwenzake neno: mmoja akakikausha, mwingine akakipa jina. Kesho yake binti wa jirani aliita kutoka ng'ambo ya ua, "Kifaranga yetu inalala muzuri?" Alisema yetu. Tangu siku ile hawakutuita wageni tena.

Sasa nimemaliza shule, nashona kwa masere, mtawa wa misheni, kola za watoto wa shule ya wazungu. Wasichana wa Mwenga wanakaa benchi la dirishani, sisi Bashi wa huku la mlangoni. Kila benchi linacheka kwa lugha yake. Mimi nakaa ukingoni, na hata Bashi wenzangu huniruka wanapopitisha mkasi.

Mapema juma hili uzi uliisha, masere akaenda kuutafuta. Nilisimama, yaya. Nilimfungulia Wabiwa wa Mwenga kiganja, nikasema kama tulivyofundishwa darasani, "Shika. Hiki ni kitu gani?"

Alikitazama kiganja changu, kisha akasema kwa sauti ya puani kama ya masere, "Hiki ni kitu gani! Mbona masere mudogo anatupa mutihani?" Mabenchi yote mawili yakacheka. "Hakuna kitu mu mukono yako, mama. Kaa."

Nilifika nyumbani nikafunga nguo zangu kwenye kitenge. Nilimwambia maman kwamba nakufuata Kamanyola, na kule chumba cha kushona sirudi. Akasema, "Maliza juma kwanza. Kamyo haitakimbia."

Katika kumaliza juma ndipo nilipoelewa. Wabiwa alikuwa na haki. Nilimuuliza kama mwalimu anayelijua jibu tayari. Wewe hukuwahi kulijua jibu. Ulinipa mkono ukasubiri.

Jana mvua ilizima mwanga, tukaacha sindano. Nikamfungulia Wabiwa kiganja tena, kwa maneno ya jikoni kwetu. "Shika. Iko nini?"

Alikitazama kiganja. Nikamsubiri, kama ulivyonisubiri mimi. Kisha mkono wake ukashuka taratibu.

"Iko nzito," akasema. "Iko jiwe ya kwetu Mwenga."

"Iko dhahabu?" mmoja wa benchi letu akauliza, maana Mwenga huchimbwa dhahabu.

"Ingekuwa dhahabu, ningekuwa hapa nashona kola ya wazungu?"

Akasimama, akalibeba jiwe lile kwa mikono miwili mpaka mlangoni. Mwenzetu akalipokea, akasema ni mtoto amelala, aliyefuata akamfunika. Masere aliporudi akauliza tumeshika nini. Sote tukaficha mikono nyuma, Mwenga na Bashi. Hakuna aliyesema hakuna kitu.

Lakini bado situlii. Labda Jumatatu kila benchi litarudia kicheko chake. Kitenge nimekifungua, nguo sijazipanga. Zimekaa juu ya kitanda, nami nazizunguka. Nataka kuja kwako leo hii. Nataka pia kujua huyo mtoto ataamshwa na nani. Jumatatu nitarudi kushona.

Hapa chini nimeweka kiganja changu juu ya karatasi, nikakizungushia kalamu. Katikati sijaandika kitu. Shika, yaya. Iko nini?

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa nyuma yako jikoni