Chumba Kisicho na Saruji Magomeni

Mwanahawa, shoga yangu,

Salamu nilikutolea Ijumaa pale makaburini, na kwa kuwa huko hakuna wa kuitika sikukaa kusubiri. Niling'oa majani, nikafagia, nikaondoka. Haya mengine ni marefu, hayasemeki kwa kusimama na magoti yangu haya, ndiyo maana naandika. Herufi zangu ni zilezile za chuoni, zinakwenda upande zinakotaka. Ukizicheka shauri yako, wewe hata hizo hukuwa nazo.

Tangu uende, nyumba ya Kariakoo imepata mteja. Ni yule Baniani wa Mchafukoge mwenye duka la vitambaa, uliyekuwa ukimsumbua akufunulie jora zima kisha hununui. Anataka kiwanja tu. Nyumba ataibomoa, ajenge duka la mawe na juu yake vyumba vya watu. Alikuja mwenyewe, akavua viatu, akakaa barazani. Akasema, "Mama, sikuharakishi. Ukikataa tutabaki tunaamkiana." Mtu mwenye adabu anachosha, Mwanahawa. Angekuwa mjeuri ningekwisha mfukuza zamani.

Na mwanangu Hamisi naye amepata kiwanja Magomeni, ng'ambo ya bonde la Jangwani. Yale mashamba ya minazi tuliyokuwa tukiyapita, Serikali imeyakata ikayapima viwanja, vimenyooka kama ukili wa mkeka. Amejenga, ameezeka mabati, na kila jua likichwa ananiuliza, "Mama, unahamia lini?"

Nikapima, maana mimi si mbuzi wa kuvutwa kwa kamba.

Kule kuna upepo. Uani ni wetu, hakuna mpangaji wa kugombea naye kamba ya kuanikia. Choo ni cha nyumba moja, si kile chetu cha kupanga foleni umeshika tumbo. Wajukuu wanakimbia bila kugongwa na mkokoteni wa vitunguu. Harufu ya samaki waliolala sokoni haifiki. Na hii nyumba yetu, tuseme kweli, ukuta wa uani umeinama kama mlevi, na Bwana Afya kila akipita anautazama kisha ananitazama mimi, kama niliuinamisha kwa mgongo.

Lakini soko liko mbali. Ukisahau ndimu, umeisahau mpaka kesho. Bomba ni moja, liko mwisho wa mtaa, na maji yanabebwa kwa kichwa kama enzi za bibi zetu. Mchana wanaume wote wako kazini, mtaa umekufa, huoni mtu wa kumsengenya. Na mvua ikinyesha, Jangwani inajaa, basi linasimama huku na wewe unabaki kule.

Hayo yote ni ya mdomoni. Lililonikalia moyoni lilikuwa moja, na wewe tu ndiye ningekuambia: nikifa kule nitaoshwa wapi, na nani?

Wewe tulikuosha chumbani mwako, mle mle nyumbani kwangu Kariakoo. Tulichimba ufuo wa kupokea maji kwenye sakafu ya udongo, tukaweka kitanda cha kamba juu yake, maji yakashuka yakazama palepale ulipolala miaka yako yote. Wewe uliyeosha wanawake wa mtaa mzima, siku hiyo nilikushika kichwa mimi. Ulikuwa mwepesi. Sikujua kama umekwisha namna ile, kumbe ulikuwa ukijifunga kanga mbili mbili makusudi tusione, na mimi mjinga nakuambia umenenepa. Basi. Tuliufukia ufuo, tukapiga udongo ukawa sawa.

Sasa Magomeni nyumba zote zimemwagwa saruji. Wanaionea fahari, wanaipiga deki mpaka nzi anateleza. Hamisi alinionyesha chumba changu, mifuko ya saruji imepangwa mlangoni. Nikamwambia, "Changu usikitie." Akaruka. "Mama, watu watasema mtoto kajitengenezea, mama yake kamwacha kwenye vumbi!" Nikamwambia hao watu waje waniulize mimi. Mkewe akadakia, "Lakini mama, saruji haina tekenya." Nikamjibu, "Tekenya namtoa kwa sindano. Ukifika msiba, ufuo mtauchimba kwa meno?" Vijana hawa wanajenga nyumba ya kula, kulala na kuzaa. Ya kufia hawaikumbuki, utadhani wao watahama tu.

Hamisi alinuna wiki nzima, lakini chumba kikabaki udongo. Mtaa ukanicheka. Jirani yangu wa kulia ni Mama Agnesi, Mmakonde wa Newala, Mkristo, mdomo wake haupoi. Kila akipita: "Hodi kwa mama wa shamba! Mihogo umeshapanda humo ndani?" Nikamwambia nimepanda, ikikua nitakuchapa kwa mti wake.

Nilikuwa nimekwenda kuonja makazi tu, nina mkeka na kibweta, chumba changu cha Kariakoo nimekifunga. Masika yakanikuta hukohuko. Jangwani ikajaa, ikawa ziwa, hakuna basi, hakuna baiskeli, hakuna mtu wa miguu.

Katikati ya mvua hiyo, nyumba ya kushoto, akafa mke wa mwashi. Bi Asumini, Mngindo, mwanamke mpole, homa haikumpa hata nafasi ya kuugua vizuri. Ndugu zake wote wako Ilala, na Ilala iko ng'ambo ya maji. Uani maji yamefika kwenye kifundo cha mguu. Ukichimba shimo linajaa kabla hujainua jembe. Ndani ni saruji, kwake na kwa kila mtu. Wanaume wamejaa barazani wanabishana, huyu anasema afungiwe turubai aoshewe nje, yule anasema hapana, mama wa watu hawezi kuoshewa kwenye tope.

Mwashi hakubishana na mtu. Alichukua sururu akaingia chumbani. Sakafu ile aliimwaga mwenyewe, akaisugua kwa mkono wake mpaka ikang'aa, mkewe akawa anaita watu waje waione. Sasa anaipiga, na haivunjiki, Mwanahawa. Aliichanganya vizuri mno. Anapiga, inatoa cheche, anapiga tena, na marehemu amelala pale pembeni amefunikwa.

Niliingia nikaishika ile sururu kwa mpini. Nikamwambia, "Weka chini, baba. Mleteni kwangu."

Wakachimba ufuo chumbani mwangu. Wanawake wa kuosha hakukuwa na mmoja anayejua. Wasichana wawili wenye moyo, mmoja anataka kuanzia kushoto badala ya kulia. Nikamchapa mkono kama ulivyokuwa ukinichapa mimi. Nikasema maneno yako yaleyale: "Taratibu. Huyu si sufuria." Mama Agnesi akasimama mlangoni. "Mimi si wa dini yenu. Nishike nini?" Nikamwambia, "Shika shuka la kumsitiri, na mdomo wako." Alilishika tangu mwanzo hadi mwisho, hakulishusha, machozi yakimshuka bila sauti. Sikujua kama mdomo ule unaweza kunyamaza.

Tulipokwisha fukia, hakuna aliyecheka udongo wangu. Mke wa karani wa nyumba ya tatu alikuja kuniuliza kafuri hutiwa wakati gani. Wale wasichana wawili wanataka niwafundishe tangu mwanzo, na mmoja ni mzito wa kichwa, lakini hata mimi ulinivumilia. Mama Agnesi alingoja siku tatu zipite, halafu akanipigia hodi: "Mama wa shamba, usije ukahama. Ukiondoka na udongo wako, sisi tutakufaje?"

Basi nimekubali. Maji yalipopungua nilivuka, nikamwambia yule Baniani achukue kiwanja. Kabla ya kumpa ufunguo niliingia chumbani mwako, nikasimama. Hakuna cha kuona. Duka lake litakaa juu ya ufuo wako, watu watapima kanga pale, na hakuna atakayejua. Hiyo ndiyo hasara niliyoilia. Nyingine nimezibeba.

Sasa nisikilize, na usinune. Nilimwambia Hamisi zamani kwamba nikifa anizike karibu nawe. Nimemwambia aache. Bonde likijaa sitaki watu wahangaike na jeneza langu ukingoni mwa maji. Nitazikwa Magomeni, na watakaoniosha ni wale wasichana. Wakikosea, nitakuwa nimejifundishia mwenyewe.

Kaburi lako nitakuja kulifagia kila Jangwani ikipitika, maadamu miguu inanibeba. Isiponibeba, atakuja Hamisi, na asipokuja nitamtokea usingizini mpaka aje.

Lala, Mwanahawa. Tutaonana pale wanapoonana wote, huko hakuna bonde.

Mwenzio,
Zena